Kuhesabu Hadi Mia Tatu

Nilimvunja mama yangu jino nikiwa na miaka minane.

Alikuwa ameanguka jikoni. Nyumbani kwetu neno kuanguka halikuhitaji maelezo. Hakuna aliyeuliza kama aliteleza au alijikwaa. Mwili ulikakamaa, macho yakapanda juu, kisha mikono na miguu ikaanza kupigapiga sakafu. Nilikuwa nimewasikia watu wazima wakisema kwamba mwenye kifafa asipowekewa kitu mdomoni atameza ulimi wake. Basi nikakamata kijiko cha chuma, nikakipenyeza kwa nguvu katikati ya meno yake, nikasikia kitu kimekatika. Alipozinduka alipapasa kinywa kwa ulimi, akatema kipande cha jino kiganjani, akakitazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado nimeshika kijiko. Hakusema neno. Alinyoosha mkono nimwinue.

Sasa ni zaidi ya miaka ishirini niko kwenye uuguzi. Wanafunzi wanaokuja wodini kwa mafunzo hupenda kuniuliza nilianzaje, na kila wakiuliza, kitu cha kwanza kunijia ni lile jino. Lakini sijawahi kuwajibu kwa jino. Huwaambia tu, "Mama alikuwa akiumwa nilipokuwa mdogo," nao hutikisa kichwa kama watu walioelewa, tukaendelea na kazi. Si uongo. Kwa miaka mingi hata mimi niliridhika nalo hilo jibu. Siku hizi naliona ni nusu ya jibu, tena nusu iliyo rahisi.

Kuna kitenzi nakipenda katika lugha yetu. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumhudumia mgonjwa, na humo ndimo alimotoka muuguzi. Halafu kuna kuuguliwa. Ukisema umeuguliwa na mama, mgonjwa ni mama, ila uliyefikwa na jambo ni wewe. Ni kama kufa na kufiwa: kifo ni kimoja, watu wake ni wengi. Mtu mzima aliyeuguliwa anaweza kuomba ruhusa kazini, na wenzake watampa pole. Mtoto aliyeuguliwa hana wa kumwomba ruhusa. Asubuhi anavaa sare, anakwenda shule, anakaa dawati la karibu na mlango.

Mimi nilikaa karibu na mlango miaka saba.

Nilijua mama ataanguka kabla yeye mwenyewe hajajua. Alikuwa akikatiza sentensi katikati, vidole vikaanza kuchezea upindo wa gauni, na uso ukawa kama wa mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Nilipata sekunde chache za kumshika mkono na kumketisha chini. Nilijifunza tofauti ya mlio wa sufuria inayoanguka na mlio wa mtu anayeanguka, na nilikuwa nautambua hata usingizini. Nilijua kwamba asipolala vizuri usiku, kesho yake nisiende kucheza mbali. Nilijua dawa zimebaki ngapi kwenye chupa kwa kuitikisa tu. Haya yote hakuna aliyenifundisha, wala hakuna aliyenituma. Mtoto akiishi karibu na hatari hujifunza kuisoma, kama vile watoto wa wavuvi wanavyojua upepo.

Watu wazima waliona, wakanisifu. "Mtoto huyu ana akili za kikubwa." Sifa hii niliipenda kuliko kitu chochote, na leo nikiisikia ikisemwa kwa mtoto wa mgonjwa pale wodini hunisisimua nywele. Mtoto hawi na akili za kikubwa bila sababu. Kuna mahali palikuwa na nafasi ya mkubwa, ikawa wazi, naye akaikalia kwa kuwa hakuna mwingine. Ukimsifu, umemwambia abaki hapohapo.

Ilipita karibu mwaka mmoja tangu kisa cha jino ndipo nilipomfuata mama kliniki. Kwa kawaida alikwenda peke yake; siku ile shule ilikuwa imefungwa. Nesi aliyempokea alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, mwenye sauti ya kukwaruza. Aliandika alichoandika kwenye kadi, akapima alichopima, kisha akauliza swali ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza mama:

"Ukianguka, huwa uko na nani?"

Mama alininyooshea kidevu.

Yule nesi aligeuza kiti chake kizima kunielekea. Si kichwa tu, kiti. "Haya mwanangu," akasema, "mama akianguka wewe huwa unafanyaje?"

Nikamwambia habari ya kijiko, nikaanza kulia kabla sijafika kwenye jino. Hakunikemea, wala hakusema pole. Alisema, "Ulimi haumezwi. Umeshikwa huku chini, hauendi kokote. Aliyekwambia hivyo alikuwa na nia njema ila hajui." Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijaona muuguzi mwingine akilifanya: alipanda kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, na sare yake nyeupe, akalala chali, akaniambia nimgeuze ubavu. Nikamgeuza. Akasema nimevuta vibaya, nishike bega na nyonga, nimlete upande wangu. Nikarudia. Mama alikuwa akicheka huku kaziba mdomo.

"Usimbane," akanifundisha akiwa amelala hivyohivyo. "Ondoa vitu vya kumwumiza. Weka kitu laini chini ya kichwa. Mwili ukianza kulegea, mgeuze ubavu mate yatoke. Usiweke kitu mdomoni, hata kidole. Na hesabu. Tangu anapoanza, hesabu polepole. Ukifika mia tatu hajatulia, toka nje piga kelele, ita watu wazima. Hapo si kazi yako tena."

Mia tatu ni dakika tano. Mafunzoni, miaka mingi baadaye, nilikuta sheria ileile kwenye kitabu: degedege la kifafa likipita dakika tano bila kukatika ni dharura, kwa kuwa kila dakika inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kukoma lenyewe. Nilipoisoma nililazimika kutoka darasani kidogo. Yule nesi alikuwa amenipa mimi, mtoto wa miaka tisa, itifaki kamili ya huduma ya kwanza, bila kuipunguza na bila kunitisha, na alikuwa ameifunga kwa sentensi ya kunilinda. Niliishika itifaki yote neno kwa neno. Sentensi ya mwisho sikuishika, na hiyo nitairudia.

Kwanza nimalize hili la majibu rahisi.

Siku ya kwanza ya mafunzo ya uuguzi tuliambiwa tujitambulishe, kila mmoja aseme jina na kilichomleta. Aliyetangulia alisema bibi yake alifia mikononi mwake. Aliyefuata alikuwa na mdogo wake mwenye selimundu. Mwingine alilelewa na baba mlevi. Mwingine alilazwa miezi mitatu kwa kuungua. Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimeshaanza kuona haya, kama vile tumepanga foleni ya kuonyesha makovu. Kijana mmoja nyuma kabisa alisema yeye amekuja kwa sababu ajira za uuguzi hazikosekani. Darasa zima lilimgeukia kwa dharau. Alikuja kuwa mmoja wa wauguzi watulivu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na wagonjwa walimpenda.

Fani za kusaidia zina hadithi zinazopenda kujisimulia. Iliyo kongwe zaidi ni ya Wagiriki, ya Chiron, nusu mtu nusu farasi, aliyepigwa mshale wenye sumu na kupata jeraha lisilopona. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alipozungumzia mganga aliyejeruhiwa aliirejea hadithi hiyo, na tangu hapo washauri nasaha, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii wameishika: ninaponya kwa sababu nimeumizwa. Inavutia. Ila isome tena hadithi yenyewe. Chiron alikuwa mganga na mwalimu wa waganga, aliyemfunza tiba Asclepius, mungu wa uganga wa Wagiriki, kabla ya mshale. Ujuzi wake haukutoka kwenye jeraha. Jeraha lilimkuta nao, na wala haukumponya.

Kuna kisa kingine nakipenda zaidi, cha Alfred Adler, daktari wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1870. Alikuwa mtoto dhaifu, mwenye matege, akichelewa kutembea. Mdogo wake alifariki kitandani pembeni yake. Akiwa na miaka kama mitano aliugua nimonia, akamsikia daktari akimwambia baba yake kwamba mtoto huyu hatapona. Alipopona aliamua kuwa daktari. Kufikia hapo ni hadithi ileile ya darasa letu. Lakini Adler alikuwa na kumbukumbu nyingine: kwamba njia ya kwenda shule ilipita makaburini, naye akawa anaogopa, mpaka siku moja akaamua kukimbia kati ya makaburi, kwenda na kurudi, mara nyingi, hadi hofu ikamtoka. Alipokuwa mtu mzima alimweleza mtu aliyesoma naye. Yule akashangaa. Makaburi gani? Kwenye njia ile hapakuwahi kuwa na makaburi.

Adler hakulificha hilo, akalifanya somo. Alikuwa akiwauliza wagonjwa wake kumbukumbu zao za mwanzo kabisa, si kwa kuwa aliziamini kama ushahidi wa mahakamani, ila kwa kuwa alichokichagua mtu kukumbuka humweleza alivyo leo. Nami nikajiuliza: lile jino? Jino ni la kweli, pengo mama analo. Lakini kwa nini nimechagua jino, na si siku mia nyingine ambazo hakuna kilichovunjika?

Nafikiri ni kwa sababu jino linanifanya mdeni. Kuwa muuguzi kwa ajili ya deni kunaonekana ni jambo kubwa. Kuwa muuguzi kwa sababu mwanamke mmoja mnene alipanda kitandani ukamgeuza ubavu, na kwa mara ya kwanza ukahisi mikono yako inajua kitu, kunaonekana dogo mno kulisimulia. Nayo ndiyo ile nusu nyingine.

Denis Mukwege, daktari wa Bukavu aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake walioumizwa kwa ubakaji wa kivita, naye huulizwa alianzaje. Husimulia kwamba akiwa na miaka minane alifuatana na baba yake, mchungaji, kwenda kumwona mtoto mgonjwa. Baba aliomba. Walipotoka mwana akauliza kwa nini hakumpa mtoto dawa kama anavyowapa wao nyumbani. Baba akajibu kwamba hiyo si kazi yake, ni kazi ya muganga. Basi, akasema mtoto, mimi nitakuwa muganga, wewe utaomba na mimi nitatoa dawa. Ninachokiona hapo si kidonda. Ni mtoto aliyemwona mtu mzima akienda kwa mgonjwa, akasimama naye, na akakubali wazi mahali uwezo wake ulipokomea. Mtoto akaliona pengo lenye ukubwa wake.

Mdogo wangu wa kiume alikulia nyumba ileile, na mama yuleyule. Leo ni fundi wa injini za malori, hodari sana, na hospitali hakanyagi. Mke wake alipojifungua alisubiri nje getini. Kama maumivu ya utotoni ndiyo yanayozaa wasaidizi, yeye alistahili kuwa daktari bingwa, maana aliogopa kuliko mimi. Nilimuuliza mwaka jana, tukiwa tumekaa kwenye karakana yake, yeye akifuta mikono yenye grisi kwa tambara.

"Dada," akasema, "wewe ulipewa kazi. Mimi nilipewa mlango."

Ilinichukua muda kumwelewa. Kila mama alipoanguka, mimi ndiye niliyempigia kelele: toka nje, funga mlango! Nilidhani namkinga. Alikaa upande wa pili wa mlango akiwa na miaka mitano, akisikia kisigino kinagonga sakafu na dada yake anahesabu, bila kujua namba zile ni za nini. Hakupewa bega la kushika wala nyonga ya kuvuta.

Mwanasaikolojia Stanley Rachman aliandika juu ya jambo hili mwaka 1979. Aliangalia, pamoja na mambo mengine, habari za raia wa Uingereza wakati miji yao ikipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Waliokuwa na jukumu la kuwahudumia wengine mara nyingi waliyamudu mashambulizi vizuri zaidi, hata waliokuwa na woga mwingi kabla ya hapo. Kudaiwa msaada, alisema, kunaweza kumkinga anayedaiwa. Mwanasaikolojia Emmy Werner naye, kwenye kisiwa cha Kauai huko Hawaii, pamoja na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi wakawa watu wazima. Miongoni mwa waliokulia kwenye dhiki nzito, umaskini, ugomvi, mzazi mwenye ugonjwa wa akili, karibu theluthi moja walikua watu imara wenye kujali wengine. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashika, mzazi, ndugu au mtu wa nje, na wengi walikuwa na majukumu ya kweli nyumbani. Mtu mmoja na kazi moja. Mimi nilipata vyote viwili kwa mwanamke aliyekaa nami labda dakika ishirini. Mdogo wangu hakupata, na mimi ndiye niliyefunga mlango.

Nikimsikia mtu anasema mateso humfanya mtu awe na huruma, hulikumbuka lile tambara la grisi.

Sasa ile sentensi. Hapo si kazi yako tena.

Nikiwa na miaka kumi na miwili mama alianguka usiku, mvua kubwa, mimi na yeye na mdogo wangu peke yetu. Nikamfungia mdogo wangu nje ya chumba, nikaanza kuhesabu. Mia. Mia mbili. Nilihesabu polepole kama nilivyofundishwa, ingawa nikiwa mkweli mtoto mwenye hofu hajui polepole, na mia tatu zangu huenda zilikuwa dakika tatu tu. Nikafika mia tatu. Alikuwa bado anatikisika. Nilitakiwa nitoke nipige kelele.

Nikaanza upya. Moja, mbili, tatu.

Hilo sikulisema kwa mtu yeyote mpaka nilipokuwa na miaka thelathini na tatu. Alitulia mahali fulani baada ya mia moja za mzunguko wa pili, na asubuhi kila mtu alinisifu kwa kutulia. Sikuwa nimetulia. Kuita watu kungekuwa na maana kwamba mimi sitoshi, na kutosha ndiko kulikokuwa kunanishikilia. Wataalamu wa tiba ya familia Ivan Boszormenyi-Nagy na Geraldine Spark waliandika mwaka 1973 kuhusu mtoto anayegeuzwa mzazi wa wazazi wake, na nilipowasoma nilishangaa kwamba hawakuliona hilo kuwa baya kila mara. Mtoto anaweza kubeba mzigo na asidhurike, ikiwa mzigo unamfaa na kuna anayeuona na kuutambua. Unaodhuru ni ule usioonekana, usio na kikomo. John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, naye aliwaeleza watu wanaotunza kwa kulazimika: kila uhusiano wao wapo upande wa kutoa, hawajui kupokea, na mara nyingi utotoni walikuwa na mzazi asiyeweza kuwatunza ila akafurahia kutunzwa. Niliposoma hapo niliweka alama pembeni kwa kalamu, kisha nikaifuta, nikiogopa mtu ataazima kitabu.

Hospitali zinawapenda watu wa namna hii. Tunakubali zamu za ziada. Tunabaki baada ya kukabidhiana. Tunajua mgonjwa wa kitanda cha sita ataharibikiwa saa mbili kabla mashine haijalia, na nikiri kwamba ujuzi huu ni wa kweli na umeokoa watu. Sioni aibu nao. Lakini mwajiri hatakuuliza umeutoa wapi wala unakugharimu nini.

Nilipokuwa na miaka thelathini na tatu tulimlaza mama mmoja ambaye kifafa chake kilikuwa kimekataa dawa mbili. Alikuja na binti yake, miaka kumi au kumi na moja hivi. Siku ya pili mama alianguka wodini, nikafika kitandani, nikamkuta yule mtoto keshaondoa glasi na simu mezani, keshamshika bega na nyonga, na midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu.

Sitaeleza yote niliyoyafanya wiki ile. Nilimnunulia vitu. Nilibaki baada ya zamu kumsaidia hesabu za shule. Nilimpa namba yangu ya simu, jambo ambalo hatutakiwi kulifanya. Baba yake alipokuja siku ya nne nilimfokea mbele ya wagonjwa wengine, nikamuuliza alikuwa wapi, kana kwamba nilikuwa nimemsubiri miaka ishirini na minne. Mtu wa watu alikuwa safarini kazini, na alikuwa amesafiri usiku kucha kuja.

Muuguzi mfawidhi aliniita ofisini, akafunga mlango. Nilitegemea karipio. Akaniuliza, "Yule mtoto ni nani?"

Nikataja jina lake.

"Sikuulizi jina."

Nikakaa kimya muda mrefu, kisha nikamweleza habari ya mia tatu na ya kuanza upya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanipa siku tatu za mapumziko, akanipangia kuonana na mshauri nasaha, akasema atamwomba radhi baba wa mtoto kwa niaba ya wodi, lakini yangu niiombe mwenyewe. Nikaiomba. Baba yule alinipa mkono bila kunitazama.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Nilikuwa nikiisikia methali hii kama kejeli kwa mganga. Siku hizi naisikia kama maelekezo ya kazi: tafuta mwingine akugange, wewe hutaweza. Nilikwenda kwa mshauri karibu mwaka mzima, na zaidi ya nusu ya muda huo nilikuwa namuuliza yeye hali yake.

Kabla yule binti hajaruhusiwa kuondoka na mama yake nilimwita. Nilikaa kwenye kiti, nikakigeuza. Nilimwambia anahesabu vizuri. Nikamuuliza anahesabu mpaka ngapi. Akasema hana mwisho, huhesabu tu mpaka mama aamke, siku moja alifika mia saba.

"Mwisho ni mia tatu," nikamwambia. Nikamweleza lililobaki, baba yake akiwa amesimama hapohapo, maana safari hii nilitaka mkubwa asikie ni nani anayeitwa ikifika mia tatu. Baba akaitoa simu yake akaandika. Kisha akamuuliza mtoto swali ambalo mimi sikulifikiria: "Na mdogo wako huwa unamweka wapi?"

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mama yangu yumo kwenye hiyo asilimia 70, ila alichelewa kuingia. Walipombadilishia dawa alikuwa na miaka hamsini na moja, na tangu siku hiyo ameanguka mara mbili tu. Mimi nilikuwa nimeshahama nyumbani zamani. Niliambiwa kwa simu kwamba mama amepona, yaani ametulia, nikafurahi, na usiku wake nikalia kwa sababu ambayo sikuitambua. Nadhani nilikuwa nimeachishwa kazi.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Baada ya chakula alijinyoosha kwenye kochi akapitiwa na usingizi, nami nikakaa kiti cha pembeni. Hana dalili yoyote. Anakoroma kama mtu mwingine yeyote wa umri wake. Nikajikuta namtazama kifua.

"Umefika ngapi?" akauliza bila kufumbua macho.

"Sihesabu, mama."

"Unahesabu. Midomo yako ina mlio." Akajigeuza ubavu, yeye mwenyewe. "Nilikuwa nikirudi, kitu cha kwanza kusikia ni namba. Sijui niko wapi, sijui jina langu, lakini nasikia mia na arobaini, mia na arobaini na moja, najua basi, nipo nyumbani, na sijakawia sana."

Sikuwa najua. Miaka yote ile nilidhani nahesabu peke yangu.

"Na ulikuwa unaruka," akaongeza. "Sabini na tisa. Kila mara. Kutoka sabini na nane unakwenda themanini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ungeanza upya."